Jiwe Lililonata Ulimini

Ubishi wangu umeniponza. Mara ya mwisho niliuziwa kokoto, mtaa wetu mzima wa Namakwekwe ukanicheka. Safari hii nilikwenda maonyesho ya mawe mjini Jinja nikiwa nimeapa kurudi na mfupa wa kale uliogeuka jiwe. Sisi wakusanyaji huupima kwa ulimi: mfupa wa kweli hunata.

Nikalamba kila jiwe mezani kwa Hajati, muuzaji mmoja pale. Hakuna lililonata. Ndipo nikaona jingine chini, kando ya birika lake la udhu, jeusi lenye vitundu. Nikalilamba. Likanata kama gundi!

“Hajati, hili siliachi! Taja bei!”

Ukumbi mzima ukageuka. Hajati akanitazama kwa huruma.

“Bwana, ninayouza yako mezani. Hilo ni langu la kusugulia visigino.”