Avelina, fundi wa mbao za ndani ya magari

Saa moja asubuhi, mjini Plymouth, jimbo la Minnesota, Marekani, Avelina Shirima anavua koti zito, anasugua viganja mpaka vipate moto, kisha anavilaza juu ya ubao ulioshikwa na jiriwa. Hawashi mashine yoyote. Anapapasa tu, taratibu, toka ukingo hadi ukingo, kama mama anayepima homa kwenye paji la uso la mwanawe.

"Jicho linadanganywa na mwanga," anasema bila kuinua kichwa. "Hapa gundi haijashika. Sikiliza."

Anagonga kwa ukucha. Mlio ni wa kitu chenye upepo ndani.

Ubao huo ni dashibodi ya gari la Kiingereza lililotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Katika karakana hii ya magari ya zamani, wenzake hushughulika na injini na bodi. Avelina, mzaliwa wa Kibosho mkoani Kilimanjaro, ndiye fundi pekee wa mbao.

Hakuja Marekani kwa kazi hii. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wagonjwa huko Coon Rapids, akiwaogesha, akiwageuza na kuwainua. Siku moja mzee aliyekuwa akimhamisha kutoka kitandani aliteleza. Avelina hakumwachia. Mzee hakupata hata mchubuko. Bega la Avelina ndilo halikurudi kuwa lilivyokuwa.

"Nilikaa nyumbani nikajiona kama chombo kilichovunjika," anakumbuka. Mumewe, Isack, dereva wa basi la shule, ndiye aliyemsukuma ajiandikishe kozi ya useremala. "Nilikwenda ili nitoke ndani tu. Kumbe nilikuwa nakwenda jumla."

Lindquist, mwenye karakana, alimchukua kwa dola kumi na tisa kwa saa, pungufu ya alichokuwa akipata kwa wagonjwa. Leo mshahara umepanda, ingawa si sana. Kazi yake ni kubandua maganda ya mti wa walnati, yaani tabaka jembamba la mbao ya thamani linalofunika ubao, yakishakauka na kupasuka, kisha kubandika mapya.

Wateja, anasema, anawatambua kabla hawajataja shida yao.

"Mwingereza anafungua mlango, anakuonyesha mbao kwanza. Kwake gari zuri ni lile ambalo mtu alikaa akachagua maganda mawili ya mti mmoja, kushoto na kulia yafanane kama mabawa ya kipepeo. Likigoma kuwaka anasema, 'Ah, leo limeamka vibaya.' Mmarekani wa hapa anauliza: litawaka Januari? Halitanisumbua? Mbao kwake hata ikiwa plastiki iliyochorwa mistari ni sawa, maana haipasuki na unaifuta kwa kitambaa."

Anacheka. "Isack wangu naye siku hizi ni Mmarekani. Gari letu ni la Kijapani, ndani plastiki tupu. Asubuhi ya baridi kali, na mimi namshukuru Mungu kwa plastiki ile."

Novemba iliyopita, mitazamo hiyo miwili iliingia karakanani ikiwa ni mke na mume.

Aliyetangulia ni mume, Orville, mhandisi mstaafu wa Maple Grove. Alikuja peke yake, kofia mkononi. Mkewe, Winifred, ni Mwingereza. Alipoolewa miaka arobaini iliyopita alivuka bahari na gari alilorithi kwa shangazi yake. Baridi ya kwanza ya Minnesota ikaukausha ubao wa mlango wa upande anaokaa, ukapasuka katikati. Orville, bwana harusi mpya, akataka kumfurahisha. Akaung'oa, akabandika plastiki yenye sura ya mbao.

"Alicheka, akanishukuru," Orville alimweleza Avelina. "Lakini tangu siku ile hajawahi kuegemeza mkono wake pale. Anauweka pajani. Miaka yote hii nilidhani ni adabu za Kiingereza."

Sasa Winifred alikuwa na presha ya macho, na madaktari walisema nuru inakwisha. Orville alitaka mkewe aione mbao halisi kabla macho hayajaingia giza.

Avelina alifanya kazi ile katika miezi ya baridi iliyofuata. Alitafuta ganda lenye mistari inayoshabihiana na dashibodi, akalibandika, kisha akapaka vanishi nzito, tabaka juu ya tabaka, mpaka ubao ukang'aa kama maji yaliyotulia. Hivyo ndivyo karakana inavyofanya, na hivyo ndivyo wateja wanavyopenda.

Februari, Orville akamleta mkewe. Winifred akasaidiwa kukaa, akanyoosha mkono mlangoni. Akapapasa.

"Ni nzuri sana," akasema.

Avelina aliijua sauti hiyo. "Ni ya mgonjwa anayekwambia hajambo ili usihangaike," anasema. Akachuchumaa kando ya mlango. "Bibi, niambie ukweli. Sitakasirika."

Winifred aliurudisha mkono pajani. "Naona kiza kinachong'aa, mwanangu. Macho yamewahi kuondoka kuliko tulivyotarajia. Na nikigusa, nagusa kioo. Mti uko wapi?"

Orville aligeukia ukutani.

Avelina alimfuata Lindquist ofisini, akaomba aitoe vanishi yote, ubao upakwe mafuta tu. Lindquist akakataa. Mbao isiyofunikwa, alisema, itapasuka hapahapa Minnesota, na karakana haiwezi kuweka dhamana kwa kitu kama hicho. Itataka mafuta kila mwezi wa baridi, mwaka hadi mwaka. Nani atakayekuwa na muda huo?

"Na alikuwa anasema kweli," Avelina anakiri.

Aliyejibu ni Orville, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mimi," alisema. "Maisha yangu yote nimenunua vitu visivyonisumbua. Nifundisheni kutunza hiki kimoja."

Lindquist akamtazama mzee, akamtazama fundi wake. "Dhamana hamna," akasema. "Haya, endeleeni."

Kuitoa vanishi kulikuwa kugumu kuliko kuipaka. Ganda la walnati ni jembamba kama kadi ya mwaliko. Ukizidisha msasa umetoboa, na lingine la mistari ile halikuwapo. Avelina aliweka mashine kando, akakwangua kwa mkono, bega likimuuma, akisimama kila mara kupapasa.

Jumamosi Orville alikuja kufundishwa. Mwanzoni alisugua kama anayefuta meza ya hoteli.

"Polepole, mzee," Avelina alimwambia. "Usishindane nayo. Fuata mistari inakokwenda."

Machi, Winifred akarudi. Safari hii alivua glavu, akafumba macho. Kidole kikafuata mistari, kikapanda, kikapinda, kikakuta jicho la mti, kikazunguka hapo mara nyingi. Kisha akautafuta mkono wa mumewe, akauweka palepale, na wake juu yake.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia," Orville akasema.

Avelina alitoka nje. "Baridi ilikuwa ya kukata masikio," anasema, "lakini nilibaki hukohuko. Pale hapakuwa pangu."

Nuru ya Winifred sasa imekwisha. Jumapili alasiri, barabara zikiwa kavu, Orville huendesha kuzunguka maziwa akimsimulia mkewe wanachopita, naye mkono umelala mlangoni. Ubao haujapasuka.

Avelina, kwa upande wake, ameanza kusafisha gereji ya nyumbani Coon Rapids. Lindquist amekubali kumpa kazi za mbao azifanyie huko siku mbili kwa wiki, na mwakani Avelina anataka kufungua darasa la Jumamosi kwa wahudumu wa wagonjwa ambao, kama yeye, mabega yamechoka.

"Mtu aliyezoea kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kwangu ameshafika nusu ya ufundi," anasema.

Mwanafunzi wa kwanza amekwisha kujitokeza: Keziah, Mkenya aliyefanya naye kazi hospitalini. Juzi alipiga simu.

"Mama Pamela, mimi niko tayari," alisema, akimwita Avelina kwa jina la bintiye. "Lakini uniambie ukweli. Hizi kucha zangu zitabaki?"

"Nimemwambia abakize moja," anasema Avelina, "ya kugongea."