Nilikula Halua ya Wenyewe Mumbai

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nilikula kitu cha watu nilichokabidhiwa mkononi, kisha nikaacha lawama imwangukie mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Sikuwa na njaa. Laiti ningekuwa na njaa, angalau ningekuwa na la kusema.

Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Peckham, na umri umeshapita arubaini. Tangu nimalize skuli miguu yangu haijatulia. Siku ya mapumziko wenzangu hulala. Mimi hupanda basi lolote linalotokea, nikaone linaishia wapi. Ndivyo nilivyofika Kenton, upande wa pili kabisa wa London. Niliingia duka dogo kununua bizari, nikamkuta bibi wa Kihindi anaikemea mashine ya kadi.

"Na wewe leo umeamka na nuksi gani?" anaiambia, kwa Kiswahili.

Nitamwita Bi Kanta, ingawa si jina lake. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana baada ya Mapinduzi. Kiswahili chake ni kile kile cha mama yangu. Watoto wangu nikiwasemesha hunijibu Kiingereza, basi Jumamosi nikawa navuka mji mzima kwenda kunywa chai dukani kwake na kusimangwa kwa Kiswahili safi.

"Umekuja, mzururaji? Kaa kitako, usiniegemee mchele wangu."

Siku nilipomwambia nimepata likizo na nakwenda Mumbai, aliiacha mashine ya kadi, akanivutia kiti. Kisha akaniambia habari za mdogo wake, Jaya. Walipoondoka Unguja familia iligawanyika: Jaya alikwenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, na wazee, Kanta akaolewa London. Mama yao alipofariki, Kanta hakwenda kumzika. Sababu alikuwa nayo, lakini Jaya hakuitaka. Tangu siku hiyo hapokei simu ya dada yake.

Jumamosi iliyofuata nilikuta kwenye kaunta kikapu kidogo cha ukili, kimeshonwa mdomo. Sikuhitaji kuuliza. Harufu ya iliki ilikuwa imeshanijibu. Halua ya Unguja, aliyoiagiza kwa mtu.

"Tulipokuwa wadogo," aliniambia, "baba akileta halua, mimi ndiye mgawaji. Nikijikatia kipande kama tofali, Jaya nikampa kama ukucha. Analia, nami nala. Sasa mwambie hii ni yake yote. Sikuikata, sikuitia hata ncha ya kidole. Umpe yeye, mkononi. Nimekuandikia anwani yake, na karatasi hii ya namba yangu ya simu umpe pia."

"Mama, unaniogopea mimi kwa halua?"

"Wewe si mwizi. Wewe mzururaji, na mzururaji husahau alichotumwa."

Nilicheka. Nilijiona mtu mkubwa kubeba amani ya watu ndani ya begi la mgongoni.

Mumbai nilifikia hosteli ya bei ya chini karibu na stesheni. Chumba kimoja, vitanda vya dabodeka, feni inayopiga kelele kuliko upepo wake, na bafu la ndoo. Wenzangu wote walikuwa vijana. Mimi peke yangu ndiye niliyepanda kitanda cha juu huku nikiomba dua. Lakini raha niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilipanda treni zisizofunga milango. Nilikula barabarani mkate uliotiwa kiazi cha kukaanga na pilipili, nikanywa chai ya maziwa kwa kigilasi nikiwa nimesimama. Nilipotea makusudi. Kila nikiingia uchochoro naona roshani za mbao, nguo zimeanikwa, wazee wamekaa nje wanacheza karata, moyo unaniambia: pinda kulia, utatokea Mkunazini, kwetu Unguja.

Kwa Bi Jaya nilikuwa naenda kesho. Kila siku nilikuwa naenda kesho.

Likizo ikiwa inakaribia kwisha, ikanyesha mvua iliyojaza mitaa maji, sote tukafungiwa hosteli mchana kutwa. Watu wakaanza kutoa vyakula vya makwao, wakaviweka mezani. Msichana wa Kikorea alitoa mwani mkavu. Kijana wa Kipolandi alitoa jibini gumu kama kisigino. Nami nimekaa, mkono mtupu, mtu mzima.

"Na kwenu mnakula nini?" aliniuliza yule Mkorea.

Nikaanza kueleza halua kwa Kiingereza changu. Ni tamu. Inavutika. Inaliwa na kahawa chungu. Wananitazama kama ninayesimulia ugonjwa.

"Tuonyeshe basi," alisema Mpolandi.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilisema nitafungua pembeni tu, waone rangi, nishone tena. Kisha nikasema nitaonja ncha tu. Lakini halua haina ncha tu. Ilipoyeyuka mdomoni, nilikuwa kwetu asubuhi ya Sikukuu, nimevaa kanzu mpya, jirani wanapishana na sahani. Nikawagawia. Walifumba macho kwa utamu, nami nikajivuna utadhani niliipika mwenyewe. Ilipobaki kidogo tukaona aibu kuibakisha. Mpolandi alikikwangua kikapu kwa kidole, na ndicho kidole pekee nilichokikasirikia siku ile.

Asubuhi niliamka nikakitazama kikapu, nacho kikanitazama.

Sasa sikilizeni ujinga juu ya ujinga. Mumbai wana halua yao, inang'aa, inavutika, ndugu kabisa wa halua yetu. Nikasema, ajuza yule ameondoka Unguja zamani, atajuaje? Nikanunua, nikaitia kikapuni, nikaomba sindano kwa mwenye hosteli, nikakishona. Mshono ulikwenda upogo kama njia ya mlevi.

Bi Jaya nilimkuta ghorofani, mwembamba, miwani mikubwa. Niliposema "hodi" kwa Kiswahili alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Nani kakutuma?"

"Dada yako, Bi Kanta."

Alikitazama kikapu, halafu akanikaribisha. Nikampa kikapu, karatasi ya namba na ujumbe wote, neno kwa neno: yote yake, haikukatwa, haikutiwa kidole. Alikivuta kikapu puani, na uso ukamlainika, kwa maana ukili ulikuwa bado na harufu ya kweli. Akakata uzi. Akaonja.

Alitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna.

"Hii ya hapa chini," alisema. "Duka la kona. Jana nimewanunulia wajukuu."

Niliutazama ule uzi wangu uliokatwa.

"Kanta hajabadilika," alisema, akakisukuma kikapu mbali. "Ya kweli kala mwenyewe, mimi kaniletea ya mlangoni kwangu. Tena ananiapia."

Pale, wenzangu, ndipo palipo dhambi. Halua ningeweza kusamehewa. Lakini nilikuwa na neno moja la kusema, na sikulisema. Nilikunywa chai, nikaandika namba ya simu ya Bi Jaya kwa adabu, nikaaga.

Nilirudi London na uongo wa pili.

"Alisemaje?" aliniuliza Bi Kanta kabla sijavua koti.

"Alifurahi mpaka machozi."

Basi akaiweka simu kando ya mashine ya kadi, akawa anangoja ipigwe. Kila Jumamosi nikienda naikuta pale pale. Mteja akiingia anaigeuza itazame juu. Wala hanisimangi tena. Ananipa biskuti na kuniita mwanangu. Biskuti zile nilikuwa nazitia mfukoni.

Siku moja aliniuliza, kwa sauti ndogo, "Labda niliandika namba yangu vibaya?"

Nikamwambia kila kitu. Nilitazama magunia ya mchele mpaka nilipomaliza.

Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mpigie kwa simu yako. Yangu hapokei."

Nikapiga, nikaweka sauti nje.

"Bi Jaya, ni mimi niliyekuletea halua."

"Ile ya kona."

"Ndiyo. Ya dada yako niliila mimi, hosteli, na wenzangu. Yeye hakukudanganya. Nimewadanganya mimi nyote wawili."

Nikasikia kiti kinavutwa, mtu anakaa.

"Ilikuwa tamu?" aliuliza.

"Tamu sana, mama."

"Ya lozi?"

"Ya lozi. Na zafarani."

Bi Kanta alikuwa ameinama juu ya kaunta, sikio karibu na simu. "Ilikuwa inavutika au inakatika?" aliniuliza, na ndipo nilipotambua kuwa na yeye hajui. Nilisimama pale nikiwaeleza mabibi wawili wa Unguja ladha ya halua yao, nao wanauliza, nami najibu, na kila jibu linanichoma.

"Kanta, upo hapo?" alisema Jaya.

"Nipo."

"Hata wewe hukuonja?"

"Hata mimi."

"Basi leo ndio mara ya kwanza tumegawana sawasawa."

Bi Kanta aliangua kicheko, kikageuka kuwa kitu kingine. Wakahamia Kigujarati. Mimi nikafukuzwa kwa mkono, kama inzi. Nilingoja nje kwenye manyunyu mpaka aliponirudishia simu, ya moto, chaji imekwisha.

Mtasema basi nimesamehewa. Chai napewa, na masimango yamerudi. Lakini nyinyi mnajua desturi yetu huku: mtu akitaja safari tu, kila nyumba inamletea kifurushi, mpaka anaapa hasafiri tena. Mwaka huu nilikwenda Unguja, nikatangaza mapema, nikaacha nusu ya sanduku wazi. Halua ina miguu mirefu kuliko yangu. Habari ilikuwa imeshafika Peckham na Croydon. Wote walinitakia safari njema. Bi Kanta alikuwa na mzigo, nilimwona anaufunga. Alimpa msafiri mwingine, mwanamke asiyemjua vizuri.

"Wewe nenda mwepesi, mwanangu," aliniambia.

Uwanja wa ndege wa Unguja dada yangu alilinyanyua sanduku langu kwa mkono mmoja, akaniangalia.

"Kaka, London nzima hakuna hata mmoja aliyekutuma?"

Nilimpokea sanduku, nikatangulia mbele. Nawaambia nyinyi: ukipewa cha watu, kifikishe kwanza. Mji utautembea baadaye.