Machungwa Yasiyonukia

Wote walimwita Bi Tabaka, hata wale waliolijua jina alilopewa na wazazi wake. Jina la Bi Tabaka lilimpata jikoni mwa hoteli kubwa alikomalizia ujana wake. Huko mpishi mkuu, mgeni mwenye hasira za karibu, alimfundisha kutengeneza tiramisu, kile kitamu cha Waitaliano: biskuti ndefu laini zinachovywa kwenye kahawa nzito, juu yake krimu ya jibini laini na viini vya mayai, kisha biskuti tena, krimu tena, na mwisho kakao inachekechwa juu kama vumbi. Wenzake walichoka haraka kupanga matabaka. Yeye hakuchoka, na jina likamganda.

Alipoacha hoteli na kufungua duka lake mwenyewe, alijua hawezi kushindana na tajiri wake wa zamani kwa kitu kilekile. Akaanza kuichezea tiramisu. Kahawa aliipunguza makali, akaichemsha pamoja na ganda la chungwa. Krimu aliikwaruzia ganda hilohilo, ile ngozi ya juu yenye rangi tu, bila utando mweupe unaoleta uchungu. Kakao akaiacha kabisa, mahali pake akatandaza vipande vyembamba vya chungwa vilivyokaushwa kwa sukari. Watu walipoonja mara ya kwanza walichota tena, ndipo wakaongea.

Duka lilikuwa chumba cha mbele chenye kabati la kioo, jiko nyuma yake, na mlango wa uani uliotazamana na ua wa jirani mfuga kuku. Aliyemsaidia ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume aliyekuwa fundi majokofu. Wifi huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Bi Tabaka, ambaye mwenyewe alisema yote aliyokuwa nayo moyoni na mengine ya akiba, aliamini kwamba kimya kingi kina mshindo. Alimpenda wifi yake, ndiyo, lakini kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa zamuni.

Mambo yalianza kwenda mrama baada ya mafua mabaya yaliyomlaza Bi Tabaka kitandani. Aliporudi jikoni, mwepesi kama karatasi, alikata chungwa la kwanza akalileta puani. Kimya. Akakata la pili. Hata hilo, kama kunusa ukuta.

Alikwenda moja kwa moja kwa muuza matunda.

"Haya machungwa umeyatoa wapi?"

"Kwa mkulima yuleyule, mama."

"Mbona hayanukii?"

Muuza matunda alilikwaruza moja kwa ukucha, akalinusa, akamtazama. "Mama, mimi yananifikia hata nikiwa nimesimama huku."

"Wewe ndiye unayeyauza. Ungesema nini kingine?"

Akahamia kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara. Kwake nako yalikuwa hayohayo. Bi Tabaka akajua kwamba hawa wawili wanakula sahani moja. Wiki ileile akamtilia shaka na muuza kahawa: kahawa yake ilikuwa nyeusi kama kawaida, lakini ilipochemka haikumwita mtu kutoka chumba cha pili kama zamani. Lazima anaichanganya na kitu, akasema. Dunia imeharibika, kila mtu anapunja.

Mpishi hodari hashindwi na bidhaa mbovu. Aliongeza ganda kwenye krimu. Bado. Akaongeza tena, kisha akanunua chupa ya arki ya machungwa, ile harufu kali ya dukani, akatia matone, na matone yakageuka kijiko.

"Wifi," mke wa mdogo wake akamwambia siku moja, akiwa ameshika kijiko cha kuonjea, "leo harufu si imezidi kidogo?"

"Kule nilikofanya kazi mimi, wewe wangekupa kitambaa ufute meza! Leo unifundishe mimi harufu?"

Wifi alikiweka kijiko chini taratibu. Tangu siku hiyo, kuhusu harufu, alifunga mdomo.

Haikupita muda, mteja wao mmoja, mama fundi cherehani, akasimama mbele ya kabati la kioo huku akichezea mkanda wa mkoba wake. "Dada, usinielewe vibaya. Vyombo mnaviosha na sabuni gani? Ile niliyonunua juzi, nilihisi ninakula shuka lililotoka kufuliwa."

Bi Tabaka alicheka kwa sauti ili wateja wengine wasikie kwamba ni utani. Mama fundi alipoondoka, kicheko kilikatika kama uzi. Sabuni! Na ni nani anayeosha vyombo humu? Aliingia jikoni, na macho yake yakaenda kwenye rafu. Kando ya kopo la sukari ilisimama chupa ya dawa ya kudekia sakafu, ile ya rangi ya njano yenye picha ya limau. "Nani ameiweka hapo?"

"Nimeiweka mimi, nilikuwa ninapanguza rafu," wifi akajibu bila kugeuka.

Jibu lilikuja upesi mno. Bi Tabaka hakulipenda.

Kuanzia hapo alilala na wasiwasi na kuamka nao. Na jambo la ajabu ni kwamba malalamiko yalikoma. Wateja walianza kusifu upya. "Hii ya jana, mwenzangu, imerudi kama enzi zile!" mama fundi alimwambia. Bi Tabaka alishukuru kwa mdomo, lakini moyoni alijiuliza: imerudije, na mimi sijabadilisha kitu?

Akaanza kuchungulia. Krimu ya juu alizoea kuilainisha kwa kisu kirefu, akivuta kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono wake aliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Mchana mmoja alifungua jokofu akakuta mistari inatoka kulia. Kuna mkono mwingine umepita hapa. Siku nyingine alimwona wifi akivuka ua na ndoo iliyofunikwa, akielekea kwa mfuga kuku.

"Umebeba nini?"

"Maganda ya mayai, wifi. Kuku wanayapenda."

Maganda ya mayai ni mepesi kama upepo. Mbona yule mwanamke alikuwa ameinama upande mmoja?

Jumapili alikwenda kumsalimia mdogo wake, na sebuleni kwake akakuta jokofu la kioo, lile la kupangia keki, limesimama kama mgeni wa heshima.

"Hili la nani?"

"La mteja, dada. Limetengemaa, yeye ndiye hajaja kulichukua."

Wifi alikuwa anamimina chai, hakuinua uso. Bi Tabaka alikunywa chai ile kama dawa. Sasa picha yote aliiona. Wanafungua duka lao. Huyu mwanamke anaharibu jina langu kwa sabuni, anajifunza mkono wangu, anahamisha krimu yangu kwa ndoo, na ndugu yangu, niliyembeba mgongoni, ananikaribisha chai. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nafasi ya kumnasa ilikuja na agizo la shule ya jirani. Mwalimu mkuu anastaafu, na walimu wake wanataka tiramisu ya machungwa ya kutosha watu wote. Asubuhi ya siku hiyo Bi Tabaka alipanga sinia zake, akazilainisha, akaziingiza kwenye jokofu. Kisha akajitanda mtandio.

"Ninakwenda kwa mdogo wangu. Nitachelewa."

"Haya, wifi."

Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka uchochoro, akamwomba mfuga kuku njia, akasimama nyuma ya dirisha la jiko lake mwenyewe kama mwizi. Kuku wakamzunguka miguuni. Ndani, wifi alitoa sinia ya kwanza, akakwangua krimu yote ya juu kwa mwiko, akainua biskuti akatoa na ya chini, akaitupa ndooni. Kisha akatoa bakuli jipya chini ya meza, akavunja mayai, akaanza kupiga.

Bi Tabaka alisukuma mlango.

"Nimekukamata!"

Bakuli nusura limponyoke wifi. "Wifi, ngoja..."

"Ningoje nini? Umalize sinia zote? Krimu yangu unawapa kuku! Niambie mwenyewe, duka lenu mnafungua lini?"

"Duka gani?"

"Hilo jokofu sebuleni si la duka?"

"Mwenyewe kalichukua juzi. Muulize mdogo wako." Wifi alipangusa mikono kwenye aproni. "Wifi, krimu yako hailiki. Inanuka manukato. Nilikwambia ukanifunga mdomo, na mimi niliona nikikwambia tena utanifukuza jikoni kabisa. Basi nikawa ninaitengeneza upya. Vile ulivyonifundisha."

"Uongo."

Wifi alichukua chupa ya arki, akaifungua, akamsogezea. Bi Tabaka alinusa. Wifi akachukua na ile dawa ya kudekia, akamsogezea nayo. Bi Tabaka alinusa tena.

"Umeweka maji humu!" akasema. "Zote mbili umeweka maji."

"Sijaweka maji, wifi."

Bi Tabaka aliwatilia shaka watu wote aliowajua, lakini hata siku moja hakuwahi kuitilia shaka pua yake. Alikwenda kwenye kikapu mwenyewe, akachagua kitunguu mwenyewe, asije akapewa kilichochezewa. Akakikata. Machozi yalimtoka, harufu haikuja. Akaponda tangawizi. Akafungua chupa ya mafuta ya taa iliyokaa chini ya sinki, akaiinamia kama mtu anayechungulia kisima. Hakukuwa na kitu. Akaketi juu ya debe la unga.

"Tangu lini?" aliuliza, kana kwamba wifi ndiye mwenye pua ile.

"Tangu mafua, nadhani."

"Na wateja wanajua?"

"Hakuna anayejua. Hata mume wangu sijamwambia."

Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Bi Tabaka alilia, safari hii bila kitunguu. Alimlilia muuza matunda aliyemtukana bure, akajililia na yeye mwenyewe, mpishi aliyekuwa akijua kama keki imeiva akiwa barabarani. Wifi hakumbembeleza kwa maneno. Aliendelea kupiga mayai, kwa sababu walimu walikuwa wanangoja.

Baada ya muda Bi Tabaka alinawa uso, akachukua kikwaruzo. "Niambie nikome wapi," alisema. Akakwaruza, wifi akiinamia bakuli, mpaka wifi aliposema, "Hapo." Ganda lilionekana kidogo mno. Bi Tabaka alimtazama kwa pembeni, mkono ukamwasha kuongeza, lakini akajizuia.

Kwenye sherehe alisimama ukutani akisoma nyuso za watu kama askari wa zamu. Mwalimu mkuu alipoomba kipande kingine, alimvuta wifi pembeni. "Anakipenda kweli, au ni adabu tu?"

"Anakipenda, wifi."

Daktari aliyemwona baadaye alimwambia kwamba mafua ya namna ile huweza kuondoka na uwezo wa kunusa, na kwamba huenda utarudi, huenda usirudi. Bi Tabaka aliona ni jibu la mtu anayejikinga. Aliwaomba radhi wauza matunda wote wawili, na muuza kahawa pia, japo yeye aliendelea kumwangalia huyo wa mwisho vizuri anapopima.

Duka halikufungwa. Mikono ni ya mmoja, pua ni ya mwingine. Ilibidi wifi ajifunze kusema, maana Bi Tabaka hakubali "iko sawa" peke yake, anataka kuelezwa.

"Leo linanukia vipi?" anauliza, akiwa ameshika chungwa lililokatwa.

"Kali kidogo. Kama jani bichi ukilivunja. Halafu kwa nyuma kuna asali."

"Asali ya kweli, au unanifurahisha?"

"Ya kweli, wifi."

Bi Tabaka anamkazia macho, anasubiri kama uso wake utamsaliti. Ukikosa kumsaliti, anakwaruza.