Mkwaruzo wa Kisu cha Asali

Nyuki wa Rungwa hawachagui mzinga. Ndege yetu ndogo ya abiria ilipolala wiki mbili kwenye uwanja wa vumbi, walijenga masega ubavuni, pale bawa linapoungana na mwili. Fundi mwenzangu, Mnyamwezi, mtani wangu wa damu, akatangulia kuyatoa. Mimi nilifuata kukagua, maana kazi yangu ni kutafuta majeraha ambayo ndege huyapata mikononi mwa mafundi wake wenyewe.

Nilimkuta mama yake mtani ameketi kwenye kivuli cha bawa, kitenge kipya, kapu mapajani. Mtani alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba leo mama anapaa kwenda Dodoma kumwona mjukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kagua taratibu tu."

Nikawasha tochi, nikapitisha ukucha juu ya bati. Ukucha ukanasa. Mstari mwembamba ulikuwa umeifuata safu ya ribiti zinazoshika bati, umenyooka kabisa.

"Mtani, nta uliitoa na nini?"

"Kisu cha asali. Kikwangulio cha plastiki mlichonipa kilikuwa kinateleza."

"Umeichanja ndege kama mganga!"

"Mnyaturu wewe, kamkwaruzo tu kanakutoa jasho? Kwani hii ndege ni bibi harusi?"

Utani ni utani, hatukasirikiani. Lakini mkwaruzo wa namna ile hukaa kimya, na kila ndege ikiruka hujirefusha kidogo, mpaka siku moja unakuwa ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kule juu hakuna pa kujengea ukuta.

"Sawa," nikasema. "Naidhinisha iruke. Ila kamwambie mama ulichofanya, halafu umfunge mkanda mwenyewe."

Sikuwa na nia ya kuidhinisha hata kidogo. Nilitaka kuuona uso wake. Akamtazama mama, akautazama mstari, kicheko kikamkauka. Hapo nikamwonea huruma, maana watu walikuwa wamejipanga kandokando ya uwanja wakisubiri kupunga mikono. Akalichukua kapu, akaenda kusimamisha gari la Itigi ili mama asafiri kwa barabara.

Nilimshika mama mkono tukamfuata polepole. Nikamwomba radhi kwa kumharibia safari.

Akachungulia kama mwanawe yuko mbali. "Mwanangu, tangu juzi sili, silali. Ningemwambiaje mtoto aliyefurahi vile kwamba naogopa kupaa?" Kisha akanibana mkono. "Huo mkwaruzo msiutengeneze haraka. Narudi Jumamosi, na ameshaniahidi kunifuata na ndege."