Mbwa Aliyenenepa Mlangoni pa Jiko

Nilikubali mbwa wetu aondolewe nyumbani, tena nilikubali kabla wageni hawajamaliza kahawa yao. Ningesema tu, "Ngojeni nimuulize mama watoto," huenda mambo yangekwenda vingine. Siku ile niliamini kwamba tatizo la nyumba yangu ni mbwa mnene. Tatizo lenyewe lilikuwa mke wangu. Chakula kilikuwa hakipiti vizuri kooni mwake, naye alikuwa anampa mbwa ili nisijue.

Wageni walikuwa majirani wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mashamba yao yamepakana na langu hapa Nyabiyonza, kule bondeni karibu na kichaka cha tumbili. Mbwa alitulindia mahindi sote watatu. Zamani alikuwa akiwasikia tumbili kabla hatujawaona, akawafukuza mpaka wakapotelea vichakani. Msimu ule alikuwa anawatazama tu, amekaa chini, ulimi nje.

"Shikamoo mzee," yule mwanamke alisema. "Tumekuja kwa ajili ya mheshimiwa."

"Marahaba. Mheshimiwa yupi?"

"Si huyo aliyelala mlangoni! Tumbo lile ni la diwani. Jana tumbili kapita mbele yake, kachuma hindi, karudi kapita hapohapo. Nadhani walisalimiana."

Tulicheka sana. Yule mwanamume, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na ambaye huwa hasemi mengi, alishauri mbwa ahamishiwe kwenye kibanda cha shambani, apimiwe chakula na kukimbizwa mpaka apungue. Nikasema sawa.

Mke wangu alitusikia. Alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mwacheni mbwa hapa," alisema. "Mimi ananifaa."

"Anakufaa nini, mama? Kulala?"

Alirudi jikoni, nami nikaona amekasirishwa na mzaha wetu.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunakula. Kwa watu wa umri wangu hapa kwetu, mume huletewa chakula sebuleni, na mke hula jikoni. Hakuna aliyetuamrisha, tulikuta hivyo. Watoto walipooa na kuolewa tukabaki wawili, lakini niliendelea kula peke yangu na redio yangu, naye akaendelea kukaa jikoni, mbwa akiwa mlangoni. Nilijua vizuri jinsi anavyopika. Jinsi anavyokula nilikuwa sijui.

Kabla ya kumhamisha mbwa nilikwenda Kayanga kumwita bwana mifugo. Alimpapasa mbavu, akazitafuta kwa muda.

"Anakula nini huyu?"

"Mabaki," nilisema.

"Ya watu wangapi?"

"Sisi wawili tu."

Alinitazama, akamtazama mke wangu. "Wazee wawili mnabakiza hivi? Basi mmoja wenu anafunga Kwaresima mwaka mzima."

Mke wangu ndiye aliyecheka kutuzidi. Alicheka mpaka akakohoa, akaingia ndani kunywa maji. Mimi nilibaki nje nikiuliza kuhusu dawa ya minyoo.

Bwana mifugo alitoa maagizo, nami nikayafuata kama mwanafunzi. Ndizi marufuku, mifupa yenye mafuta marufuku. Ugali wa dona kiasi cha kikombe kimoja, asubuhi na jioni, na dagaa wachache. Matembezi kila siku, kwanza taratibu kwa sababu ya magoti yake, kisha kuongeza. Nilichukua kamba ya katani, nikaizungusha tumboni mwake nyuma ya mbavu na kupiga fundo pale ilipokutana. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumpima tena na kupiga fundo jipya.

Wiki za mwanzo alilia. Hakukubali kubaki peke yake kibandani, hivyo nikawa natoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Tulishuka hadi kijitoni tukapanda tena, mzee na mbwa, wote tunahema. Majirani walinitania kwamba tutapungua sote wawili tubaki masikio. Nakiri nilifurahi. Tangu nistaafu sikuwa nimepewa kazi ambayo matokeo yake yanaonekana kwa macho, na haya yalionekana. Fundo lilisogea upana wa kidole, likasogea tena.

Nyumbani pia kulikuwa na mambo ya kuonekana. Mke wangu alianza kuvaa gomesi, lile gauni pana la mshipi, hata siku za kupalilia. Nilimwambia, "Mama, mshipi wako unaburuza, utaukanyaga." Akauzungusha kiunoni mara moja zaidi. Niliona kuku wanakusanyika kila jioni kwenye shina moja la mgomba nyuma ya jiko, wakifukua majani, na nikadhani wamepata mchwa. Jioni aliniletea chakula changu kama kawaida, akaniuliza habari za mbwa, nami nikamsimulia mpaka nikamaliza sahani.

Mwezi wa tatu mbwa alifukuza kundi zima la tumbili. Aliruka mfereji ambao zamani alikuwa anauzunguka. Jirani yangu wa kike alipiga vigelegele kutoka shambani kwake. Nilifurahi kiasi kwamba sikungoja jioni. Nilimwita nikapanda naye nyumbani mchana ule ule, ili mke wangu amwone alivyo.

Mbwa alinitangulia, akapita nyuma moja kwa moja hadi jikoni. Nilipofika mlangoni nilimkuta mke wangu amechuchumaa, anamwekea sahani.

Nilipiga kelele. "Unafanya nini? Miezi mitatu ya kazi yangu, wewe unaiharibu kwa siku moja?"

Nilimsukuma mbwa na kuinyanyua ile sahani. Ilikuwa nzito. Zilikuwa ndizi na maharage, bado za moto, hazijaguswa na kijiko. Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa sahani na hakuwahi kuuachia, hivyo mkono wake ukaja pamoja nayo, na mkono wa sweta aliyovaa juu ya gauni ukarudi hadi kwenye kiwiko. Niliona mfupa.

"Hii ni yako?" nilimuuliza.

"Sijasikia njaa leo."

"Na jana?"

Alimtazama mbwa. "Kinakwama," alisema. "Maziwa yanapita. Uji unapita ukiwa mwepesi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali ya Mwanza. Dada yangu walimpeleka Mwanza kwa koo hilihili, nikaona alivyorudi." Kisha akaongeza, bila hasira, "Nawe ulikuwa na shughuli."

Kesho yake tulikwenda hospitali, na baada ya wiki mbili Mwanza. Daktari aliniuliza chakula kilianza kukwama lini. Mke wangu alinigeukia, nami nikalazimika kuhesabu kwa mbwa: alianza kunenepa lini, alihamishwa lini. Ilipata miezi sita. Daktari alisema ni saratani na imefika mbali. Nilimuuliza ingekuwaje kama tungekuja miezi mitatu mapema. Hakusema angepona. Alisema kungekuwa na jambo la kujaribu, na sasa hakuna.

Tulirudi nyumbani. Nilianza kula jikoni, nimekaa kwenye kigoda mbele yake, nikimsubiri ameze uji kijiko kimoja kimoja. Tulikula pamoja hivyo kwa siku thelathini na nane.

Kama ningekataa mbwa aondolewe mlangoni pale, angeendelea kunenepa, nami siku moja ningelazimika kuuliza chakula kile kinatoka wapi. Nilimwondoa, na swali likaondoka naye. Uamuzi ule ulichukua miezi mitatu ambayo mke wangu angeweza kutibiwa. Amefariki, na sitajua kama matibabu yangemfaa.