Aliyefukuzwa kwa Miungu ya Mama Yake

Mzee wa kanisa alimtoa muunga mifupa kwenye meza ya Bwana, hadharani, kwa kosa la kuiita miungu. Na mama huyo tangu abatizwe hajamwita mwingine ila Mungu mmoja.

Shule hakwenda. Kazi alirithi kwa mama yake, aliyekufa bila kubatizwa. Marehemu alikuwa akivuta kiungo kilichoteguka huku akiitaja miungu yake saba, taratibu, na kwenye jina la saba kiungo kinarudi mahali pake. Binti aliitupa miungu, lakini kazi inataka kipimo: ukivuta kwa pupa unaumiza, ukikawia mgonjwa anakaza msuli. Akaweka Baba Yetu badala ya yale majina. Huisema kwa kunong'ona, na kwenye amina kiungo huingia.

Siku moja chumbani walikuwa wawili tu: yeye, na mke wa mzee huyo wa kanisa, aliyekuja ameteguka kifundo cha mguu. Jumapili iliyofuata, mzee akamsimamisha muunga mifupa kanisani.

"Mama, ukifanya kazi unamnong'onezea nani?"

"Nasali Baba Yetu, mzee."

"Na marehemu mama yako alinong'ona nini?"

Ukweli ukamponza. "Aliita miungu saba. Mimi nimebadilisha maneno."

"Mmesikia? Kabadilisha shati, mwili ni uleule!" Watu wakacheka.

"Si huwa unatuhubiria kwamba miungu hiyo si kitu? Sasa mbona unaiogopa?"

"Kaa nyuma, mama."

Tangu hapo akisalimiwa hutazama mdomo kwanza, kisha mkono. Nani alipeleka maneno? Kuta zina masikio, lakini miguu hazina. Na mke wa mzee siku hizi anamchangamkia kupita kiasi. Asubuhi moja muunga mifupa akamfuata bombani.

"Shoga, siku ile ulinisikia nikisema nini?"

"Ah, dada yangu! Kwa maumivu yale ningesikia nini?"

"Mbona uliitikia amina?"

Mwenzake akajitwika ndoo, akaondoka upesi, hachechemei hata kidogo.

Asante ya punda. Mpaka leo kikombe kinampita. Mke anadaiwa ushahidi. Mzee anadaiwa kusimama mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile, aseme alimsingizia. Kumwomba radhi pembeni hakutoshi, hakumfukuza pembeni.