Sasa Wanapika Chai

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, hapa hapa Ilford, huku ughaibuni, nilipokuwa na umri kama wako, tena mwoga wa kutupwa. Wasichana wapya wa shuleni walitualika sinema, mimi na Farida, rafiki yangu tangu Mombasa. Filamu yenyewe ya kutisha: marafiki wawili wa utotoni, mmoja akakua, mwingine akabaki mtoto vile vile, na kila jioni huja kumgongea mwenzake dirisha akimwita wakacheze.

Dirisha lilipogongwa mara ya kwanza tu, nikajifunika mtandio uso mzima. Wale wasichana wakaangua kicheko. Farida alikuwa ameketi katikati yao, na alivyokuwa akitamani wampende, sikutegemea angeinuka. Akainuka. Akaja kukaa nami, akaninong'oneza, "Usiogope. Sasa wanapika chai." Ukumbi mzima ukapiga mayowe. "Sasa anatia maziwa," akasema. "Lo, yamemwagika!" Nikacheka ndani ya mtandio huku nalia. Mpaka leo sijui filamu ile iliishaje.

Hawakutualika tena. Farida aliumia, nisikufiche, lakini hakunisimanga hata siku moja.

Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitali kufanyiwa operesheni ya jicho. Tulipokuwa tukingoja, nesi akapita na kitoroli cha vyuma vya upasuaji. Farida, bibi mzima mwenye wajukuu, akafumba macho akanishika mkono.

"Nambie shoga, kuna nini huko?"

"Wanapika chai," nikamwambia. Alicheka mpaka nesi akarudi kutuuliza kulikoni.

Sasa wewe jana uliniambia kuwa Maua, uliyecheza naye tangu chekechea, alitoka sinema peke yake analia, nawe ukabaki na wenzako wapya kwa kuona haya. Sikugombezi. Uliinamisha uso ukinisimulia, nami nikakuhurumia sana.

Pata marafiki wapya, ni haki yako. Ila kukua kusikufanye umwache nje yule anayejua unaogopa nini, maana mwingine kama huyo hutampata kirahisi. Basi vaa koti. Anakaa mtaa wa pili tu. Usimtumie meseji, kagonge mlango. Akifungua, mwombe radhi, hata kwa Kiingereza chenu hicho hicho, kisha ukae naye.

Mungu akutunzie Maua wako, mwanangu, na siku utakapofumba macho kwa hofu, asikose kuwepo mtu wa kukwambia chai iko jikoni.